Mbwa wa kuwinda anayejiamulia: ni damu au ni malezi?

Novemba 1905 matajiri wawili wa Massachusetts waliwapeleka mbwa wao Virginia kumaliza ubishi. A. Henry Higginson alikuwa na mbwa wa kufukuza mbweha wa damu ya Kiingereza, wale wanaowinda kwa kundi na kumsikiliza mwenye baragumu. Harry Worcester Smith alikuwa na mbwa wa Kimarekani, wanaotawanyika porini kila mmoja na pua yake. Dau lilikuwa dola 1,000 kila upande. Waliwinda kwa wiki mbili na hakuna mbweha hata mmoja aliyeuawa, lakini waamuzi wakampa Smith ushindi.

Ni rahisi kuuchukua ushindi ule kama ushahidi kwamba kujitegemea kwa mbwa ni mambo ya damu. Mimi sioni kama ulithibitisha hilo. Mbwa wa kundi la Kiingereza hulala banda moja, hutembezwa pamoja, na anayechomoka peke yake hukemewa na kurudishwa kwa mjeledi. Mbwa wa Smith walitokana na desturi ya watu ambao mjeledi wao usingemfikia mbwa, maana mbwa alikuwa vilima viwili mbele yao. Damu ilikuwa tofauti, malezi yalikuwa tofauti, na vyote viwili viliingia uwanjani siku moja. Atakayesema kipi kilishinda anabahatisha.

Desturi hiyo ya Kimarekani inafaa kuangaliwa kidogo. Kwenye vilima vya Kentucky na Tennessee, wawindaji wengi wa mbweha hawakupanda farasi hata kidogo. Waliwaachia mbwa usiku, wakawasha moto juu ya kilima, wakakaa kusikiliza. Kila mtu alimjua mbwa wake kwa sauti: huyu ameokota harufu, yule ameipoteza, na yule mwingine anabweka tu ili asionekane mzembe. Hapakuwa na namna ya kumsaidia mbwa aliyekwama. Ama ajinasue mwenyewe, ama mbweha aende zake.

Katika mazingira hayo akatokea mbwa aliyeitwa Tennessee Lead, mwaka 1852 kwa masimulizi ya wafugaji. Alichukuliwa Tennessee alipokuwa akifukuza kulungu, yaani aliibwa, kisha akauzwa kwa George Washington Maupin wa Kentucky. Wazazi wake hawakujulikana. Lakini watoto wake walitoka na kasi yake na ung'ang'anizi wake, na hadi leo hutajwa kama mzizi wa ukoo wa mbwa wa Walker. Mfugaji anayekuambia "hii ni damu, bwana" ana visa kama hiki kichwani, na simlaumu. Ila kasi na ung'ang'anizi ni kitu kimoja. Uamuzi wa mbwa kuacha kumtazama mtu na kufuata pua yake ni kitu kingine, na hicho ndicho kinachogombaniwa.

Ili kutenganisha damu na malezi unahitaji watoto wa tumbo moja, nusu walelewe hivi na nusu vile, halafu wote wapewe mtihani mmoja. Jambo hilo lilifanyika Bar Harbor, jimbo la Maine, kwenye Maabara ya Jackson, na Daniel Freedman akachapisha matokeo mwaka 1958 katika jarida la Science. Alitumia aina 4 za mbwa: Basenji kutoka Kongo, beagle, fox terrier wa manyoya magumu, na yule mbwa mdogo wa kuchunga kondoo wa Shetland. Ndugu wa uzao mmoja waligawanywa. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 8, nusu walidekezwa: walichezewa walivyotaka, hakuna aliyewakanya. Nusu nyingine walitiwa adabu: walishikwa mapajani watulie, wakafundishwa kukaa, kungoja, na kuja wanapoitwa.

Kisha mtihani. Mtoto wa mbwa anaingizwa chumbani penye bakuli la nyama. Akitia mdomo tu, mtu anamchapa nyuma na kumpigia kelele, "Hapana!" Baada ya muda mfupi mtu yule anatoka, anasimama nyuma ya kioo anachoweza kuona ndani bila kuonekana, na kuhesabu dakika. Mbwa yuko peke yake na nyama. Atasubiri muda gani?

Basenji walirudi kwenye bakuli upesi, waliodekezwa na waliotiwa adabu sawasawa. Mbwa wa Shetland hawakuigusa nyama, nao pia waliodekezwa na waliotiwa adabu sawasawa. Kwa aina hizo mbili, wiki tano za malezi tofauti hazikuonekana kabisa kwenye matokeo. Kwa beagle na fox terrier mambo yalikuwa mengine: malezi yaliwatenga ndugu kwa ndugu. Na yaliwatenga kwa namna ambayo wazee wengi wa kwetu, wenye imani na fimbo, wasingeitabiri. Waliodekezwa ndio waliokaa muda mrefu zaidi bila kugusa nyama. Waliotiwa adabu walirudi haraka.

Maelezo ya Freedman yana mantiki. Beagle na fox terrier ni mbwa wanaovutwa sana na mtu, na aliyelelewa kwa kucheza na mtu kila siku bila kukanywa anapochapwa mara ya kwanza na mtu huyo huyo, kofi lile linamwingia. Aliyezoea kukanywa ameshajua kwamba mtu akiondoka, katazo linaondoka naye. Basenji yeye hakujali sana mtu tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na uhusiano wa kuutumia kumzuia.

Beagle ni mbwa wa kunusa na kufukuza sungura. Basenji ni mbwa wa kuwinda msituni. Wote wawili ni wawindaji, wote wawili wanasemwa kuwa na kichwa kigumu. Kwa mmoja malezi hayakubadilisha kitu, kwa mwingine yaliamua. Kwa hiyo anayeuliza kama kujitegemea kwa mbwa wa kuwinda kunarithiwa au kunafundishwa, kana kwamba kuna jibu moja la mbwa wote, hatapata jibu. Urithi wenyewe ndio unaoamua malezi yatakuwa na nguvu kiasi gani. Kuna damu inayofunga mlango wa malezi, na kuna damu inayouacha wazi.

Mtu anaweza kuuliza kuhusu mama. Huenda Basenji anajifunza ubaridi wake kwa mama Basenji kabla hata ya wiki ya tatu. Kwenye maabara ile ile, John Paul Scott na John Fuller walikuwa na mpango mkubwa zaidi wa utafiti, ambao matokeo yake yalitoka kitabuni mwaka 1965, na ndani yake waliwapandisha Basenji na cocker spaniel kwa njia zote mbili: baba Basenji kwa mama cocker, na baba cocker kwa mama Basenji. Wakiwa na wiki 5, watoto wa Basenji humkwepa mtu, hulia na kukimbilia kona. Watoto chotara walifanana zaidi na Basenji katika hofu hiyo, hata wale waliozaliwa na kunyonyeshwa na mama cocker. Basi maziwa hayakuwa sababu. Lakini hapo hapo waliona pia kwamba hofu hiyo ilipungua haraka kwa mtoto anayeshikwa kila siku. Kilichorithiwa kilikuwa mahali pa kuanzia, na kwa hofu, tofauti na ule mtihani wa nyama, mkono wa mtu uliweza kubadilisha mengi.

Kwa nini Basenji awe hivyo? Angalia alikotoka. Ni mbwa wa misitu ya Kongo, na huko kaskazini-mashariki, Ituri na kandokando yake, Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni. Kwenye uwindaji wa nyavu, nyavu hutandazwa kwa kuzunguka sehemu ya msitu, watu na mbwa wakaingia upande wa pili kuwatimua wanyama. Basenji habweki kama mbwa wengine, hivyo hufungwa kengele ya mti shingoni. Ndani ya kichaka kile mtu hamwoni mbwa na mbwa hamwoni mtu. Kinachosikika ni kengele tu. Mbwa anayerudi kila dakika kuangalia uso wa bwana wake hapo hana kazi.

Halafu kuna suala la tumbo, ambalo nadhani watafiti wa Ulaya na Marekani hulipa uzito mdogo kuliko linavyostahili. Mbwa wa kijijini hajaziwi sahani asubuhi na jioni. Anaokota. Mtoto wa mbwa anayekemewa mara moja penye mfupa na kukaa pembeni akisubiri ruhusa atalala njaa, na mwenziwe atakula. Kila mtu aliyekulia kwenye uwanja wenye mbwa koko ameuona mtihani wa Freedman bila maabara: unamfukuza jikoni, anatoka mkia chini mpaka mlangoni, anakutazama, unageuza shingo kuchukua mwiko, na pande la nyama halipo. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Na hakuna mfugaji aliyekaa kuchagua mbwa wa namna hiyo. Vizazi vya njaa vimechagua. Kujiamulia kwa Basenji, kwa maoni yangu, kulianza jikoni kabla ya kufika msituni.

Niweke angalizo moja. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno waliotolewa Kongo. Walioonyeshwa mwaka 1937 kwenye Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, ndio walioanza kuwajulisha Waingereza. Ukoo wao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ugonjwa wa figo wa Fanconi ulisambaa, na mwaka 1987 na 1988 wapenzi wa mbwa hawa kutoka Marekani wakasafiri hadi kaskazini-mashariki ya Zaire, kama ilivyoitwa wakati huo, kutafuta damu mpya. Chama cha American Kennel Club kilifungua daftari la ukoo mwaka 1990 ili mbwa hao waingizwe. Kwa hiyo ukisikia "Basenji wako hivi", kumbuka kwamba waliopimwa Maine ni tawi dogo la mti mkubwa, na mbwa wa Isiro au Bunia, miji ya huko huko Kongo, anaweza kutofautiana nao kwa mengi. Hata hivyo, tawi hilo lilikuwa limeshaishi nje ya msitu, likilishwa, bila kengele wala nyavu, na bado likarudi kwenye bakuli. Ushahidi huo una uzito.

Mpaka hapa nimezungumzia kujitegemea kwa mbwa mbele ya mtu. Wawindaji wa rakuni wa Marekani (rakuni ni mnyama mdogo wa usiku, hodari wa kupanda miti) wanapotumia neno hilo wanamaanisha jambo jingine kabisa, na nadhani nusu ya ubishi wao unatokana na kuchanganya mambo haya mawili. Kwao, mbwa anayejitegemea ni yule asiyefuata mbwa wenzake.

Uwindaji wenyewe hufanyika usiku. Mbwa huachiwa kwenye giza, akaokota harufu, akaifuata mpaka mti ambao rakuni amepanda, kisha akasimama chini ya mti huo akibweka bila kukoma mpaka watu wafike na tochi. Kwenye mashindano ya United Kennel Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1898, mbwa hadi 4 huachiwa pamoja. Wa kwanza kutangazwa kwamba ameokota harufu hupata alama 100, wa pili 75, wa tatu 50, wa nne 25. Penye mti, wa kwanza hupata 125, wengine 75, 50 na 25. Sasa angalia: mbwa akiachana na wenzake, akaenda kwenye mti wake mwenyewe upande mwingine wa bonde, huko yeye ni wa kwanza. Anachukua 125 zote bila kugombania na mtu. Lakini mti ukionekana wazi kuwa mtupu, badala ya kuongezewa alama hizo, anakatwa.

Kanuni hiyo ndiyo mfugaji mkuu wa mbwa wa rakuni, kuliko mtu yeyote mwenye banda. Bingwa hupandishwa majike mengi, na bingwa ni yule aliyepata 125 peke yake. Rudia hilo miaka na miaka, na hutashangaa kuona koo za mbwa wanaochukia kubweka chini ya mti mmoja na wenzao. Hapo damu inaingia, sikatai.

Lakini upande huu malezi yana nguvu zaidi kuliko wafugaji wengi wanavyokiri, na sababu yake iko wazi. Desturi ya zamani ni kumwachia mbwa mdogo pamoja na mbwa mzee ili ajifunze. Anajifunza kweli, ila anajifunza nini? Mzee anaokota harufu, mzee anatatua pale rakuni alipopita majini, mzee anafika mtini. Kijana anafika nyuma yake, anabweka, watu wanakuja, wanamsifu, wanampiga piga ubavuni. Kwa hesabu ya kijana, njia ya kupata rakuni ni kumsikiliza mzee. Hajakosea hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa kila usiku. Ukifanya hivyo msimu mzima, umetengeneza mfuasi hata kama baba na mama yake wote ni mabingwa. Wawindaji wenye busara humtoa kijana kwenye mkia wa mzee mara tu anapoelewa mchezo, wakamwachia peke yake usiku kwa usiku, hata akirudi mikono mitupu.

Na mbwa huyo mfuasi, mwite jina lake katikati ya msako, hageuki. Anampuuza mtu kabisa na kumfuata mbwa mwenzake kabisa. Bwana wake atakuambia, "Huyu anajitegemea, hata simwezi." Mwenzake aliyesimama pembeni atasema, "Huyu hana akili yake mwenyewe." Wote wawili wanasema kweli kuhusu mbwa mmoja. Hapo ndipo ubishi wa damu na malezi unapokwama, kwa sababu kila mmoja anatetea jibu la swali lake.

Tafiti za karibuni zinaelekea huko huko. Mwaka 2009 Márta Gácsi na wenzake wa Budapest walilinganisha mbwa wa aina zilizofugwa kufanya kazi wakimtazama mtu, kama wachunga kondoo na wale wa kuokota ndege waliopigwa risasi, na wa aina zilizofugwa kufanya kazi mbali na macho ya mtu, wakiwemo mbwa wa kunusa. Wote walikuwa wa kufugwa majumbani. Mtu alionyesha kwa kidole chombo chenye chakula. Wale wa aina za kushirikiana walifuata kidole vizuri zaidi. Wengi wao hawakuwa wa kazini, kazi ilikuwa ya mababu zao, lakini alama yake ilibaki.

Halafu mwaka 2022 ukaja utafiti mkubwa uliochapishwa kwenye Science, ukiongozwa na Kathleen Morrill, wenye majibu ya wenye mbwa 18,385 na vipimo vya jeni vya mbwa 2,155. Aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Asilimia 9! Vyombo vya habari vikashangilia kwamba aina ya mbwa haina maana. Waliosoma kwa haraka walikiruka kilicho muhimu kwetu: kati ya tabia zote zilizopimwa, utayari wa kumsikiliza mtu na kufuata amri ndio ulioelekea zaidi kwenda na aina. Na kurithi hakuishii kwenye aina; ndani ya aina moja, ndugu na ndugu, urithi bado unafanya kazi. Jina la aina kwenye cheti ni kipande kidogo tu cha urithi wa mbwa.

Hili linagusa mfuko. Mtoto wa mbwa wa rakuni mwenye ukoo wa mabingwa huuzwa ghali, na kinachouzwa ni ahadi kwamba atajitegemea. Ningekuwa mnunuzi, cheti ningekiweka kando na kuomba nimwone mama yake akiwinda usiku mmoja bila mbwa mwingine. Mbwa anayeshinda kwenye kundi la wanne anaweza kuwa ametegemea pua ya mwenzake kwa nusu ya usiku. Akiwa peke yake hana wa kumtegemea. Na ningeuliza watoto wamelelewaje tangu wiki ya tatu, jambo ambalo wauzaji wengi huliona dogo, ilhali kwa beagle wa Freedman ndilo lililoamua.

Kwetu Afrika Mashariki mjadala huu una nafasi finyu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Unguja wasasi bado huingia msituni na mbwa kufuata nguruwe, na mbwa wao si wa vyeti wala koo zilizoandikwa. Wanaachiwa kundi zima kwa pamoja, kwa sababu nguruwe hashikwi na mbwa mmoja. Huko mbwa anayependa kwenda zake atajeruhiwa au atafia kichakani kabla ya kuacha watoto wengi, na ningetarajia damu na malezi viwe vinavuta upande mmoja, wa kukaa na wenzake. Msasi anayemsifu mbwa wake kwa kusikiliza sauti ya kundi, na Mmarekani anayemsifu wake kwa kuikimbia, wote wanasifu mbwa aliyefaa kwa mawindo yake.

Jaribio ambalo ningependa kuliona ni dogo na halihitaji maabara. Mfugaji wa mbwa wa rakuni mwenye uzao wa watoto 8 awagawe wanne wanne. Wanne waanze na mbwa mzee msimu mzima, wanne waanze peke yao. Msimu wa pili wachanganywe na waachiwe usiku huo huo, bonde hilo hilo. Vidani vya GPS ambavyo wawindaji hawa huwavalisha mbwa wao vitaonyesha kila mmoja alipita wapi na aliachana na wenzake saa ngapi. Nikilazimishwa kuweka dau, ningesema wote wanane watampuuza bwana wao kwa kiasi kinachofanana, maana hilo walizaliwa nalo, lakini wale walioanza na mzee watakutwa chini ya mti wa mwenzao mara nyingi zaidi.